Shimo Chini ya Kiti cha Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Imogen alikunywa chai yake mbiombio, akavaa ovaroli kuukuu lililompwaya, akavuka barabara kwenda kwa babu yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wenzake wa shule pale Abingdon, Uingereza, walilala mpaka mama zao wawavute mashuka, lakini yeye usingizi wa Jumamosi aliuona hasara tupu. Ndani ya gereji ya babu yake kulikuwa na muujiza uliokuwa ukijengwa polepole, na hakutaka hata bolti moja ikazwe bila yeye kuwepo.

Muujiza wenyewe ulikuwa gari la michezo la viti viwili, MG ya zamani iliyoundwa mjini humohumo wakati babu na bibi yake wangali vijana. Babu Clifford, dereva wa basi mstaafu, alilipata katika banda la mkulima mmoja, kuku wametaga mayai penye viti. Liliingia gereji likiwa mzoga. Bodi ilikuwa imeoza kwa kutu, injini imeganda, na vipande vingine vilikuja vimejazwa kwenye maboksi ya ndizi.

"Babu, hili ni gari au chuma chakavu?" Imogen aliuliza siku ile, akicheka.

"Leo ni chuma chakavu," Babu alijibu. "Wewe subiri tu."

Imogen akasubiri, na aliyoyaona yalimwacha hoi. Aliona vyuma vyeusi vikizamishwa katika mafuta ya taa na kutoka vinang'aa kama vijiko vya harusi. Aliona bati lililopondeka likigongwa kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka kiganja kisihisi bonde lolote. Alijua sasa kwamba kila kipande kiliwahi kupita mikononi mwa mtu wa mji wake, mtu aliyepima, akakata, akafunga, kisha akaenda nyumbani kula. Wazo hilo lilimfanya asimame kitambaa mkononi, mdomo wazi.

"Funga mdomo, fundi mkuu," Babu alimtania. "Nzi watapata pa kulala."

Mmoja wa watu hao alikuwa Bibi Doreen, nyanya yake. Ujanani alifanya kazi kiwandani, akishona ngozi za viti. Viti viwili vya gari hili alivishona upya kwa mikono yake mezani jikoni, miwani imemteleza hadi puani.

"Nimewashonea watu viti wee, mpaka vidole vikaota sugu," alimwambia Imogen siku moja, akikaza uzi. "Mimi mwenyewe sijakalia hata kimoja kikienda barabarani."

"Hata kimoja, Bibi?"

"Hata kimoja, mpenzi. Sisi tulipanda basi. Ndipo nilipompata huyu dereva mwenye maneno mengi."

Kwa hiyo Babu aliweka nia. Siku Bibi atakapotimiza miaka themanini, angempeleka kwa gari hilo hadi uwanja wa soko, ambako wafanyakazi wa zamani wa kiwanda walikuwa na mkutano wao wa kila mwaka siku hiyohiyo. Imogen aliishika nia hiyo kuliko hata Babu mwenyewe.

Majira ya kupukutika majani walikata kizingiti cha bati kilicho chini ya mlango wa gari. Kwa nje kilionekana kizima kabisa. Babu aliweka sumaku juu yake, nayo ikateleza na kuanguka sakafuni. Alipokata, ndani mlitoka magazeti yaliyokunjwakunjwa, yamefunikwa kwa fila, lile rojo ambalo mafundi hupaka kusawazisha bodi, kisha juu yake rangi nzuri. Chuma chenyewe kilikuwa kimeliwa zamani na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu.

"Tapeli mkubwa!" Imogen alifoka. "Mtu angekufa humu!"

"Angekufa," Babu alikubali, uso umemkunjamana. "Sumaku haipendi fila hata kidogo. Aliyefanya hivi hana haya. Laiti ningemjua!"

Walimtukana tapeli huyo majira yote ya baridi. Kila nati ilipogoma kufunguka, lawama zilikuwa zake.

Siku ya kuzaliwa Bibi ilipokaribia, kazi iliyobaki ilikuwa kidogo. Babu alimpa Imogen brashi ya waya na kopo la rangi nyeusi. "Sakafu ya upande wa abiria ni yako. Sugua, paka rangi, kisha tutandike zulia. Ukiona jambo, niite."

Imogen alisugua kwa bidii. Karibu na tundu la bolti ya kiti, brashi ilitoa sauti nyingine, sauti ya kitu laini. Akagusa kwa bisibisi. Bisibisi ikazama ndani bila kuulizwa, ikatokea upande wa chini.

Alijua maana yake. Babu angetoa mashine ya kuchomelea, angekata kipande kikubwa, angepima chuma kipya mara tatu kama ilivyo desturi yake, na siku ya Bibi ingepita gari likiwa juu ya mawe. Babu alikuwa jikoni akitengeneza mkate wa jibini na vitunguu vya siki, akiimba ovyoovyo. Imogen akatazama mlangoni. Kisha akatazama kopo la fila lililokuwa rafuni.

Alijiambia ni shimo dogo tu. Alijiambia safari yenyewe ni fupi. Alipaka fila, akasawazisha kwa msasa, akapiga rangi nyeusi juu. Babu aliporudi na sahani, sakafu ilikuwa inang'aa.

"Kazi safi hiyo!" Babu alisema, akampigapiga bega.

Imogen aliurudisha mkate wake kwenye sahani. Gari la umri ule serikali haikudai likaguliwe, na ukaguzi pekee uliokuwepo ulikuwa macho yake mwenyewe.

Zulia likatandikwa, viti vikafungwa. Siku yenyewe ikafika, asubuhi ya anga nyeupe. Babu alifungua milango ya gereji, na gari likaonekana lote kwa mara ya kwanza, kijani kibichi, spoki za magurudumu zinameremeta. Alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, halafu ikanguruma. Imogen aliusikia mngurumo huo ukipanda kutoka nyayo hadi kifuani. Kitu kilichokuja kwa maboksi ya ndizi sasa kilikuwa kinapumua! Machozi yalimlengalenga, na hakujua kama ni ya furaha au ya hofu.

Bibi Doreen alitoka amevaa koti la buluu na skafu kichwani. Alilizunguka gari taratibu. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mshono wa kiti alioushona mwenyewe.

"Jamani, Clifford," alisema. "Ni kweli ninapanda?"

"Panda, bibi harusi."

Bibi aliinua mguu mmoja kuuingiza ndani.

"Bibi, usikae!" Sauti ilimtoka Imogen kwa nguvu hata njiwa wakaruka juu ya paa. "Chini ya kiti kuna shimo. Nililiziba kwa fila. Nilitaka upande leo."

Babu alizima injini. Alikifungua kiti, akakunja zulia, akaweka sumaku. Ikateleza. Alichukua bisibisi, akasukuma kidogo, ikazama hadi kwenye mpini. Aliposukuma tena, bati la pembeni nalo likameguka.

Imogen alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mimi ni kama yule tapeli," alisema akilia.

Babu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na hasira, ilionekana. Bibi ndiye aliyefungua skafu yake, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Mkutano utaendelea bila mimi," alisema. "Clifford, washa mashine yako. Mimi nachemsha chai."

Hawakwenda sokoni siku ile. Babu alikata sehemu yote iliyooza, Imogen akapima chuma kipya, akapima tena, bila kuambiwa. Wakati wa kuchomelea alivaa kinyago cha kioo cheusi, akaona chuma kikiyeyuka na kuwa kitu kimoja na chuma, cheche zikiruka. Hakuwahi kuona jambo zuri namna ile likifanywa mahali ambapo hakuna mtu angepatazama.

Ilikuwa Jumatano ya kawaida, jioni yenye manyunyu, walipomaliza. Babu alimpa sumaku. "Haya, fundi. Bibi yako akae, asikae?"

Imogen aliiweka sakafuni. Ikanasa kwa mlio. Aliivuta kwa mikono miwili kuitoa.

"Akae," alisema.

Babu alimgeukia. "Nimemtukana yule mtu majira mazima ya baridi, Imogen. Nilimdhania jambazi. Labda naye alikuwa na mtu anayempenda na siku inayomkimbilia, kama wewe. Kazi mbovu haianzi kwa ubaya kila mara, mara nyingi huanza kwa haraka. Ila yeye alinyamaza gari likaondoka, na wewe ulisema. Ukikosea, sema mapema, hata kama kusema kunaharibu sikukuu. Sikukuu nyingine itakuja, bibi mwingine hapatikani."

Bibi Doreen aliingia, akakaa, akaegemea. Alicheka kama msichana wa kiwandani. Gari lilitoka taratibu, Babu kwenye usukani, likapinda kwenye kona ya kanisa, na Imogen akabaki mlangoni mwa gereji akisikiliza gia zikipanda moja baada ya nyingine, mpaka mngurumo ukapotelea ng'ambo ya mto. Manyunyu yalimlowesha nywele. Hakuondoka pale mpaka aliposikia wanarudi.