Choroko Zilizoamka

Fundi cherehani hakupiga pasi nguo kavu. Alichota maji kwa kiganja, akanyunyiza, ndipo akapiga pasi. Maji mengine yalidondoka chini ya meza, na huko alikuwa amesahau mfuko wa choroko.

Asubuhi hiyo moyo wake ulikuwa mzito. Binti yake, kitindamimba, alipopiga mswaki, povu lilitoka jekundu tena kwa damu ya fizi. Kliniki walikwisha kumwambia kwamba mtoto amepungukiwa na vitamini C, ale matunda na mboga. Lakini kiangazi kilikuwa kimekausha bustani, na machungwa ya sokoni aliyaona kwa macho tu.

Alipofungua mfuko, alishika kichwa. "Baba watoto, choroko zimeoza."

"Zimechoka kukungoja," mumewe akasema. "Zimejipanda zenyewe."

"Haya, jioni utakula mzaha wako."

Akiwa njiani kwenda kuzitupa, alikutana na jirani yake, muuguzi mstaafu.

"Shoga, hebu nione. Hizi hazijaoza, zimeota."

Fundi akainama. Kila punje ilikuwa imepasua ganda lake la kijani na kutoa mkia mweupe, mwembamba kama uzi. Alikuwa akipika choroko tangu usichana wake, akizidhani vitu vikavu kama vifungo.

"Kumbe zilikuwa hai," alinong'ona.

"Hai kabisa. Choroko kavu karibu haina vitamini C. Ikiota, huitengeneza yenyewe."

"Bila udongo? Bila jua?"

"Bila chochote ila maji na hewa. Lakini hizi wape kuku, maji yake hatuyajui. Nyumbani zimebaki?"

"Zipo kidogo."

"Basi osha, loweka usiku kucha katika maji safi, kisha chuja. Zifunge katika kitambaa safi chenye unyevu. Suuza asubuhi na jioni. Zikitoa mikia, zipike kidogo tu ziive. Ukizidisha moto, vitamini hupotea. Zikinuka au zikiteleza, tupa. Na kliniki usiache kwenda."

Kitambaa hakikumpiga chenga fundi. Alikata kipande cha pamba, akakichemsha, akafunga choroko. Kila asubuhi kitindamimba alifunua pembe moja, akatazama bila kupumua.

"Mama, nani anaziambia zitoke?"

Fundi alichuchumaa kando yake, naye akatazama.

Walikula choroko zilizoota mara kwa mara, hata mumewe akaacha mzaha na kuomba kuongezwa. Wiki zikapita. Asubuhi moja binti alitema povu, akaliangalia, kisha akamvuta mama yake kwa upindo wa kanga.

Povu lilikuwa jeupe.