Fundi Kasimiri Akataa Lifti

Fundi Kasimiri alikuwa akishona nguo kwenye baraza la duka la Huseni, pale Mazwi. Nyumba yake ilikuwa Malangali. Kutoka nyumbani mpaka kwenye cherehani yake ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, lakini yeye hakuujua mwendo huo. Huseni naye alikaa Malangali. Kila asubuhi alipiga honi mlangoni, na fundi akapanda lori.

Barazani alikaa tangu asubuhi mpaka jioni. Saa nne alikunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, akala na maandazi matatu. Mchana alikula ugali kwa dagaa wa chumvi, na bado akaongeza chumvi nyingine. Akanenepa. "Fundi, umenawiri," watu walimwambia, naye akafurahi. Sisi wa Malangali tunapenda kumsifu mtu kwa tumbo lake, utadhani amelishona mwenyewe.

Mwezi wa sita, mwaka 1974, ilikuja barua kutoka Milepa. Kasimiri aliisoma mwenyewe, maana alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Iliandikwa na Wilibrodi, mdogo wake, ambaye alikaa na mama yao.

"Kaka, mama anakusalimu sana. Macho yake yanazidi kufifia. Anasema anataka kukuona angali anaona. Njoo kabla ya mvua."

Kasimiri alisoma barua hiyo mara mbili. Mkewe, Luciana, alimtazama.

"Utakwenda?"

"Nitakwendaje, Mama Zita? Unajua mambo yenyewe."

Luciana alijua. Milepa iko chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Lori lilifika ukingoni mwa bonde tu. Kutoka hapo ni kushuka mlima kwa miguu, na siku ya kurudi ni kuupanda. Mwaka uliopita Kasimiri alijaribu. Hakumaliza hata robo ya mteremko. Moyo ulimwenda mbio, akageuka. Alipokuwa ameketi kwenye jiwe akitweta, wanawake wenye vikapu vya samaki kichwani walimpita wakipanda, tena wakipiga soga. Aliporudi nyumbani aliwaambia majirani kwamba njia imeziba. Luciana peke yake aliambiwa ukweli.

"Twende kwa Mwantum," Luciana alisema. "Leo hii."

Mwantum alikuwa jirani yao na nesi wa zahanati. Alimfunga Kasimiri kipimo mkononi, akapima, akapima tena.

"Presha yako iko juu, Baba Zita."

"Basi nichome sindano."

"Sina sindano ya kutibu kukaa kitako siku nzima." Mwantum alivuta kiti karibu. "Sikiliza. Moyo unasukuma damu mwili mzima. Presha ikipanda, moyo unafanya kazi kupita kiasi. Mishipa inachoka. Siku moja unaweza kupata kiharusi. Mkono ukipooza, utashona na nini?"

Kasimiri aliutazama mkono wake wa kulia. Aliogopa kweli.

"Nifanye nini?"

"Punguza chumvi, sukari na mafuta. Kula mboga na maharage. Tembea kila siku, nusu saa au zaidi. Anza polepole. Kila mwezi njoo nikupime."

"Nikifanya hivyo, nitaweza kupanda mlima wa Milepa?"

"Ukifanya kila siku, naona utaweza. Si leo ukimbie, kesho ulale."

Kasimiri alitoka zahanati amepata moto. Neno moja tu alikuwa amelisikia, nalo ni "utaweza". Alfajiri ya siku ya pili yake watoto wa shule walipita wakikimbia mchakamchaka. Fundi naye akajitosa nyuma yao, akaitikia nyimbo kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikimbia mpaka shuleni. Watoto walimpigia makofi. Kesho yake hakuweza hata kushuka kitandani, na Luciana alimkanda miguu siku mbili kwa maji ya moto.

"Nilisema polepole," Mwantum alimkumbusha. "Tembea tu, kwenda kazini. Inatosha kuanzia."

Basi Jumatatu Kasimiri alitoka mapema, kabla ya honi ya Huseni. Baridi ilikuwa kali, upepo ukivuma, naye akajisikia vizuri. Alipofika kwenye kona ya kwanza, baiskeli ikasimama. Alikuwa Eustaki, balozi wa nyumba kumi.

"Fundi, mbona kwa miguu? Panda nyuma."

Kukataa aliona haya. Akapanda. Jumanne Huseni alimkuta njiani, akafungua mlango wa lori. Akapanda. Jumatano Eustaki tena. Kwetu huku mtu hapiti mwenzake anayetembea kama hakumwona, na fundi alijulikana na kila mwenye gurudumu. Alhamisi alijipa ujasiri.

"Leo nitatembea tu, balozi."

Eustaki alikunja uso. "Nimekukosea nini?"

"Hapana, hapana."

Eustaki akaondoka bila kuaga. Jioni Luciana alisikia kisimani kwamba Fundi Kasimiri siku hizi anaringa, hata kiti cha baiskeli hakimfai. Kasimiri alichukia sana. Ijumaa alisubiri honi, akapanda lori kama zamani. Wiki mbili zikapita. Maandazi yakarudi.

Mwantum alikuja nyumbani bila kuitwa.

"Umeacha."

"Watu wamenishinda, nesi. Nikitembea wananipandisha. Nikikataa wananuna."

"Umewaambia kwa nini unatembea?"

"Sijawaambia," Kasimiri alisema.

"Basi hawana kosa," Mwantum alisema. "Unafanya peke yako, tena kwa siri. Siku ukichoka, nani atajua? Mtu anayetaka kushika jambo muda mrefu awaambie watu wake, wamshikilie. Jumamosi kuna mkutano wa nyumba kumi. Simama useme."

Siku zilizobaki Kasimiri hakulala vizuri. Kusema presha si taabu. Taabu ilikuwa kusema ule uongo wake. Jumamosi, baada ya mambo ya usafi wa visima, alisimama.

"Ndugu zangu, mwaka jana niliwaambia njia ya Milepa imeziba. Haikuziba. Nilishindwa kushuka. Mama yangu anapofuka na mimi sijamwona miaka minne. Nesi amenipima, presha yangu iko juu. Ameniambia nitembee kila siku. Mwezi wa kumi nataka nishuke bondeni. Naomba mtu asinipe lifti. Hata nikiomba mwenyewe, msinipe."

Eustaki akasimama.

"Kumbe. Na mimi nilidhani baiskeli yangu inanuka." Watu wakacheka. "Basi mimi, balozi, nasema kuanzia leo fundi ni wa miguu."

"Na mimi nitapiga honi na kupita," Huseni alisema. "Ila nitacheka."

Kasimiri alirudi nyumbani mwepesi, kama mtu aliyetua gunia la ulezi. Asubuhi ya Jumatatu Malangali nzima ilikuwa macho. Alipopita, wanawake walisimama na fagio zao wakamwuliza, "Fundi, leo mpaka Mazwi?" Naye akajibu, "Mpaka Mazwi." Huseni alipiga honi ndefu, akacheka, akapita. Siku ya kwanza Kasimiri alipumzika mara tatu. Wiki ya pili mara moja. Wiki ya nne hakupumzika, na alifika barazani jasho likimtiririka, amejaa furaha mpaka akasahau kuagiza chai.

Nyumbani Luciana alipunguza chumvi kidogo kidogo. Kwanza Kasimiri alinung'unika kwamba mboga haina ladha. Baada ya wiki tatu ulimi ulizoea, na siku moja alipokula dagaa kwa Huseni aliona wana chumvi mno.

Si kwamba hakuchoka. Mwezi wa nane kulikuwa na asubuhi moja ya baridi na ukungu, naye akasema moyoni, leo basi. Akasimama barabarani, akanyoosha mkono. Eustaki akapita. Baiskeli mbili za watu wa Mazwi zikapita. Huseni akapunguza mwendo, akachungulia dirishani.

"Unasemaje, fundi?"

"Baridi, Huseni. Leo tu."

"Msalimie mama," Huseni alisema, akaongeza moto. Kasimiri alikasirika hatua kama hamsini hivi. Kisha akaanza kucheka peke yake barabarani, na akatembea.

Mwisho wa mwezi wa tisa Mwantum alimpima.

"Imeshuka," alisema. "Nenda Milepa. Pumzika njiani, kunywa maji, usishindane na mtu. Na ukirudi usiache kutembea, maana ukiacha itapanda tena."

Mwezi wa kumi Huseni alimfikisha ukingoni. Bonde lote lilikuwa chini yake, na ziwa liking'aa mbali. Kasimiri alianza kushuka asubuhi na mapema. Alilipita lile jiwe la mwaka jana bila kukaa. Moyo ulidunda, lakini ulidunda vizuri. Alipumzika alipotaka, si alipolazimika. Jioni alifika Milepa, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

Mama yake, Bibi Bertilla, alikuwa ameketi nje akichambua maharage kwa vidole.

"Shikamoo, mama."

Vidole vikasimama. "Marahaba. Nani?"

"Kasimiri."

Mama alimvuta, akamshika uso, mabega, tumbo. "Umepungua. Unaumwa?"

"Nimepona, mama."

"Nani amekuleta?"

"Nimekuja kwa miguu."

Bibi Bertilla alilia, na Kasimiri akalia, na Wilibrodi akajifanya anatafuta kuni.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama alitaka kwenda kanisani na mwanawe. Alimshika mkono, wakaondoka mapema, na Kasimiri akapunguza mwendo ili aende naye sawa. Kila aliyekutana nao njiani, mama alimsimamisha.

"Huyu ni Kasimiri wangu," alimwambia. "Ameshuka mlima kwa miguu kuja kuniona."