Bahasha ya Kundi la Pili

Mikono miwili ilishika fungu moja la mizizi, na hakuna aliyekubali kuachia. Soko lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo, na muuza dawa za miti alishasema limebaki hilo tu.

"Dada, mimi nimelishika kwanza," kijana alisema. Alikuwa fundi wa makochi. Shati lake la bluu lilijaa nyuzi na chembe za sponji, na tabasamu lake lilikuwa la kumsumbua mtu.

"Unalipeleka wapi?"

"Kwa mdogo wangu wa kike. Ana kifafa. Vidonge vinamsaidia, ila vinamlegeza, analala mpaka mchana."

Binti wa gauni la njano aliachia fungu, kisha akalishika tena. "Mimi ni mtafiti. Mizizi hii tunaijaribu maabara, kwa panya wenye kifafa. Usimchemshie kwanza, tafadhali. Hatujajua kama inasaidia au inadhuru."

"Basi chukua. Ila nipe namba yako, nijue mizizi yangu imefika salama."

Mizizi yake tangu lini? Lakini namba alipewa.

Wiki mbili simu haikupoa. "Mama Panya, wanao hawajambo?" "Wamekula, wameoga, wanakusalimia." Aliposikia kwamba mpenzi wake anashinda juu ya stuli ngumu, Fundi alimshonea mto wa kukalia, wa kitambaa cha njano. Mtafiti alikuwa amependa, na hakujificha.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu degedege. Panya walikuwa makundi matatu: moja lilipewa dawa ya mizizi, jingine vidonge vya hospitali, jingine maji matupu. Kundi gani lilipewa nini, yeye hakuruhusiwa kujua, asije akahesabu kwa upendeleo. Siri ilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye droo ya mkuu wake.

Siku ya kumi na tano uzalendo ukamshinda. "Fundi, kundi la pili wametulia. Siku tatu hajaanguka hata mmoja."

"Ndiyo mizizi hiyo. Leo namwachisha vidonge, namchemshia."

"Hapana. Sijui kundi la pili walipewa nini."

"Unakaa nao kutwa, usijue?"

"Anayewapa dawa ni mwingine. Mimi nahesabu tu."

"Mdogo wangu anaanguka jikoni, wewe unanificha. Kumbe nilikuwa wa kuchezewa." Akakata.

Mtafiti alimpigia mara tisa. Akamwandikia: usimwachishe vidonge, nakuomba. Alikaa juu ya ule mto wa njano akilia na kuhesabu, akiulaani mdomo wake.

Ijumaa, saa nne asubuhi, mkuu akaichana bahasha. Kundi la kwanza, maji. La tatu, mizizi. La pili, vidonge vya hospitali, vilevile anavyomeza mdogo wake Fundi.

Mtafiti akatoka mbio na koti jeupe mwilini, mpaka karakana ya Fundi.

Fundi alikuwa anagongelea misumari kwenye kochi jekundu. Mdogo wake alikaa pembeni akishona vifungo.

"Umemchemshia?"

"Sijamchemshia, na vidonge bado anameza." Aliweka nyundo chini. "Nilinunua fungu jingine, nikaliosha, nikawasha jiko. Nikakumbuka ulivyosema hapana. Nilikuwa na hasira na wewe, lakini nilikuamini."

"Kundi la pili walikuwa wa vidonge."

Fundi alimtazama mdogo wake, akakaa chini kwenye sponji. "Nisamehe. Nilikosea."

"Na mimi niliropoka mapema. Lakini sikiliza, mizizi ina kitu, Fundi! Degedege zimepungua karibu nusu, na panya hawakulegea, wanarukaruka tu. Bado kuna miaka ya kazi, ila ina kitu." Alikuwa analia na kucheka.

"Miaka mingapi?"

"Mingi."

"Basi mimi siwezi kuisubiri kwenye simu. Nataka kila jioni unisimulie tukiwa nyumbani kwetu. Nikuoe?"

Mdogo wake aliweka sindano pembeni, akasogea kwenye kochi. "Wifi, kaa hapa kwanza, umekimbia sana. Huyu utamjibu ukishapumua."

"Ndiyo," Mtafiti alisema, kabla hajakaa.