Jina la Stanislas Kwenye Shaba

Wapo ambao mapenzi yao huanza kwa tabasamu. Ya hawa wawili yalianza kwa matusi, tena katikati ya soko la mtaa wetu uitwao Kenya, asubuhi ya Jumamosi, mvua ya Januari imekatika sasa hivi na matope yamewafika watu vifundoni.

Syntiche alikuwa amebeba kichwani bati la shaba. Alivaa ovaroli ya buluu iliyochanika gotini na kitambaa chekundu cha waksi kichwani, na alikuwa na haraka. Jérémie alisimama nyuma ya kamioneti yake, shati jeupe limenyooka kwa pasi, anawasimamia wapagazi wanaoshusha marobota ya vitenge. Syntiche akapita, ncha ya bati ikanasa robota moja na kulichana toka juu hadi chini. Vitenge vikamwagika kwenye matope.

"Wee mama! Hauone?"

"Mama ya nani? Mi niko mama yako? Na we, juu ya nini unasimamisha camion katikati ya njia ya bantu?"

"Njia ya bantu, ndiyo! Haiko njia ya mabati! Angalia vitenge byangu!"

"Kitenge banafulaka, matope inatoka. Ungesimama ku bord ya njia, hakuna kitu kingefika."

"Unatoka wapi na hii kasirani yote asubuhi?"

"Ku nyumba. Na we?"

"Butembo."

"Ah! Njo maana haujue njia za huku."

Wauza nyanya wakaangua kicheko, na Jérémie mwenyewe akacheka kabla hajajizuia. Akamtazama vizuri. Aliona mikono yenye makovu madogo meusi, macho makali yasiyoomba radhi, na shingo iliyonyooka chini ya mzigo ule.

"Hii bati unapeleka wapi?"

"Ku benye balikufwa," akajibu Syntiche, akaenda zake.

Jérémie alikuwa mfanyabiashara barabara, mtu wa kuhesabu hata kamba za kufungia mizigo. Siku hiyo aliacha robota kwenye matope akamfuata mwanamke mwenye bati.

Bati lilikuwa linakwenda kwa Chama cha Wafua Shaba wa Katuba, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya parokia. Siku za kazi wanachama hufua sinia na picha za ukutani za kuuza. Jumamosi hakuna anayeuza kitu. Siku hiyo hufua bure vibao vya majina ya marehemu ambao jamaa zao hawana uwezo wa kununua jiwe la kaburi. Katika mji huu uliojengwa kwa shaba, mji ambao malori yake yanapakia shaba kila siku kuipeleka Kasumbalesa, maskini anazikwa chini ya kijiti chenye jina la rangi, na mvua ya kwanza inalifuta. Jambo hilo linanichoma mimi ninayesimulia, na sitajifanya halinichomi.

Chama kina sharti moja, na Papa Édouard, rais wao, mzee mfupi mwenye sauti nzito, halilegezi kwa yeyote. Nyundo haigusi shaba mpaka mtu wa nyumba ya marehemu asimame mbele ya ubao wa kufulia na kulitamka jina kwa kinywa chake. Awe mke, mume, mtoto au ndugu wa damu. Jina halitumwi kwa simu wala kwa jirani.

Mwaka huo walikuwa na mipango mikubwa. Kabla ya tarehe mosi Agosti, asubuhi ambayo nchi nzima huenda kusafisha makaburi ya wazazi, walitaka kila kaburi la upande wa watoto liwe na kibao. Septemba wangeanza kuwafundisha wasichana ufundi huo, na mwalimu angekuwa Syntiche.

Jérémie alianza kwa kuazima kamioneti yake ibebe simenti, kwa sababu vibao hupachikwa kwenye simenti ili wezi wa vyuma wasivibandue. Jumamosi iliyofuata alivua shati jeupe akaomba nyundo.

"We commerçant, unapiga shaba sawa unaua nyoka," Syntiche akamwambia.

"Chérie, nyoka angekuwa alishakufwa."

"Nani chérie?"

"Shaba. Niko nasema na shaba."

"Basi piga chérie yako pole pole. Haikukukosea kitu."

Kufika Pasaka hawakuwa wanadanganyana tena kwamba ni shaba tu inayowakutanisha. Jérémie alipokwama mpakani na mizigo yake alipiga simu akiwa amejifuta jasho mara kumi.

"Bébé, niko Kasumbalesa, mu file ya macamion, haitembee. Joto ya kufa. Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Ata tusi."

"Mujinga we."

"Merci. Sasa naweza kungoja ata wiki."

Mwezi wa Juni Jérémie alituma neno kwamba wazee wake wako tayari kuja kutoa mahari. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baba yake Syntiche, Stanislas Mwila, alikuwa mtu wa reli kama baba yake na babu yake. Mishahara ilipokoma alikwenda Mitwaba kutafuta dhahabu. Alipiga simu mara moja akasema amefika salama. Miaka saba imepita tangu simu hiyo. Waliomtafuta walirudi na habari zinazopingana, mmoja akisema shimo lilimfukia, mwingine akisema alivuka kwenda Pweto. Syntiche hakumruhusu mtu kumtaja baba yake kama mtu aliyekufa.

Kaka mkubwa wa Stanislas, Zéphirin, alikaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote sebuleni kwa shemeji yake, akanywa bia aliyonunuliwa, akatoa hukumu.

"Dot ya mutoto, baba njo anapokea. Baba akikufwa, miye ndugu yake napokea. Sasa Stanislas iko muzima ao iko mufu? Nikipokea leo na kesho anarudia, atasema niliuzisha mutoto yake. Muzike jina yake, ao mungoje."

"Hatuzike muntu muzima, baba mukubwa," Syntiche akasema.

Mama Victorine, mama yake, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hakuna aliyemuuliza.

Syntiche alimsindikiza Jérémie hadi barabarani. "Na shiye bawili?" Jérémie akauliza.

"Tutangoja."

"Mpaka lini?"

"Unaniuliza mpaka lini ya baba yangu?"

"Nauliza ya shiye, Syntiche."

Wakaagana wamenuniana.

Julai ikaingia na baridi yake na vumbi lake jekundu. Jumamosi moja Syntiche alifika kibandani, jaketi jeusi limefungwa hadi kidevuni, akaanza kupanga vibao vilivyo tayari. Cha tatu kilimfanya asimame. STANISLAS MWILA. Herufi zilikuwa zimezama mno, kingo zimejikunja. Alimjua fundi wake kabla ya kuuliza, na bado aliuliza.

"Nani alipiga hii?"

Nyundo zote zikanyamaza. Jérémie akaweka yake chini. "Ni miye."

"We?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na waliomjua wakasogea nyuma. "We mugeni wa Butembo, ulishika jina ya baba yangu ukaipiga na nyundo?"

"Chérie, sikiliza kwanza."

"Usiniite chérie! Unamuzika baba yangu juu ya dot? Juu bazee yako banachoka kungoja? Njo mapendo yako hii?"

"Haiko vile."

"Iko namna gani? Sema mbele ya bantu bote! Nani alikutuma?"

Jérémie akatazama mikono yake. "Mi njo nilipiga. Kama iko kosa, iko yangu."

"Toka. Na usikanyage tena hapa."

Papa Édouard akainuka. "Syntiche, mwanangu, ngoja nikuambie kitu."

"Papa, na we unyamaze! Uliona na ukamuacha!"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mzee yule anyamaze. Mzee akakaa, uso umemjaa hasira, naye akaapa moyoni kwamba atanyamaza kweli.

Jérémie akachukua shati lake akaondoka. Alipiga simu jioni hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Syntiche alitazama jina lake likiwaka kwenye kioo cha simu mpaka lilipozima, halafu akamfungia. Jumamosi iliyofuata kamioneti ilifika na simenti, dereva peke yake ndani. Syntiche akaifukuza.

"Tutabeba na kichwa," akawaambia wenzake.

"Utabeba we na kichwa yako," akajibu mmoja, lakini walibeba. Walibeba mifuko chini ya jua hadi makaburini, wakimlaani kimyakimya, na yeye mbele yao akitembea kama askari. Alifua shaba kwa hasira mpaka mabati mawili yakapasuka. Hasira ilimlisha vizuri wiki hizo. Hakulala vizuri, lakini hakulia.

Jumamosi ya mwisho ya Julai alikuja kijana mmoja mwenye kofia mkononi. Alitaka jina la mtoto wake. Syntiche akaweka bati juu ya lami laini ya ubao wa kufulia, akashika nyundo, akangoja. Kijana alisimama mbele ya ubao, akaikunja kofia, jina halikutoka. Syntiche hakumharakisha, sharti ni sharti. Mkono wake ulikaa hewani mpaka ukaanza kuuma. Mwishowe kijana akasema, "Mwila. Anaitwa Mwila."

Ni jina la watu wengi huku, lakini ni jina la baba yake pia. Syntiche hakupiga. Alimgeukia Papa Édouard.

"Papa, ile ya baba yangu. Nani alitaja jina?"

"Uliniambia ninyamaze."

"Papa, nalomba. Muntu ya nyumba njo anataja. Jérémie haiko wa nyumba. Baba mukubwa hajakanyaga hapa ata siku moja. Tuko bawili tu benye tunabakia."

"Sasa unahesabu vizuri," mzee akasema, akamnyang'anya nyundo kwa upole. "Hii ya mutoto nitapiga miye. Enda kwenu."

Mama Victorine alikuwa uani, anachambua samaki wakavu wa Pweto kwa ajili ya soko la kesho. Hakuinua uso.

"Mama. Ni we?"

"Ni miye."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nikuambie namna gani? Muaka saba, kila nikitaka kulia unasema, mama nyamaza, papa hakukufwa. Unakasirika, unagonga milango. Kama hakukufwa, Syntiche, basi alituacha. Ulishafikiri ile? Miye nafikiri kila siku nikiwasha moto." Akatupa samaki kwenye beseni. "Nataka kuwa mujane. Nachoka kuwa bibi ya muntu mwenye haiko. Nilimulomba Jérémie apige, juu we ungekataa. Nilimuapisha asiseme mpaka premier août, siku ya makaburi."

"Na aliacha nimutukane mbele ya bantu bote!"

"Aliacha. Na miye nilisikia, na nilinyamaza. Nilikuogopa."

Nilikuogopa. Mama kumwogopa mtoto wake. Syntiche aliketi chini kwenye vumbi, na hasira yake ikawa imekosa pa kukaa. Iliruka kwa mama, ikaruka kwa Jérémie, ikamrudia mwenyewe, mwisho ikamfikia Stanislas, ambaye ama alikufa bila kuaga ama aliishi bila aibu. Alimchukia baba yake kwa mara ya kwanza, na alipomchukia ndipo alipomlilia. Mama Victorine alilia pia, kwa sauti, majirani wakachungulia juu ya ukuta, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Alipopata sauti alimfungulia Jérémie simu, akampigia.

"Allô?"

"Mujinga we."

"Syntiche?"

"Uliapa kwa mama yangu, na miye ukaniacha nikukule muzima muzima?"

"Ningefanya nini? Nimuuzishe mukwe yangu mbele ya bantu?"

"Ndiyo!"

"Basi sitafanya vile, ata kesho."

"Niko na kasirani na we bado," Syntiche akasema.

"Nasikia. Mpaka huku inafika."

"Premier août, asubuhi. Ukuye ku makaburi na simenti."

Asubuhi ya tarehe mosi makaburi yalijaa majembe, mafagio na watoto waliovaa nguo za kanisa. Upande wa watoto vibao viling'aa safu kwa safu, na Papa Édouard alipita katikati akijifanya anakagua simenti, kumbe anafuta macho. Mama Victorine alivaa nyeusi kwa mara ya kwanza. Syntiche alikikandamiza kibao cha baba yake kwenye simenti mbichi, kando ya kaburi la babu, na Jérémie akakishikilia kwa upande wa pili. Herufi mbaya za Jérémie alikuwa hajazirekebisha. Wakasali.

Zéphirin, aliyefika amechelewa na suti ya kijivu, hakungoja hata amina ipoe.

"Bon. Sasa njia iko wazi. Jérémie, bazee yako bakuye kwangu dimanche kisha misa. Nitapokea."

Syntiche aliinuka na kijiko cha simenti mkononi, na Jérémie akamshika kiwiko. Haikuhitajika. Mama Victorine alikuwa ameshasimama kati yao.

"Zéphirin. Muaka saba, ulileta ata kilo moja ya bunga kwangu?"

"Shemeji, ile haiko maneno ya leo."

"Iko ya leo. Hii mutoto nilimulisha na samaki. Bataleta kwangu, mu nyumba yangu, na miye njo nitapokea."

"Mwanamuke hapokeye dot!"

"Nitapokea na mikono mbili. Ukitaka, ukuye ukae, utakunywa bia. Uilete mwenyewe."

Wanachama wa Katuba walipiga makofi pale pale makaburini. Zéphirin alifunga kifungo cha koti lake, akaondoka kati ya vibao, na hakuna aliyemwita.

Jérémie alikuwa na simenti hadi kwenye viwiko. Akamtazama Syntiche. "Umesikia mama. Bazee bakuye dimanche?"

"Niko na kasirani bado, Jérémie. Na we, na baba yangu, na bote."

"Najua."

"Haitaisha dimanche."

"Sikuomba iishe."

Syntiche akafuta mikono kwenye ovaroli yake, akamfuta na yeye simenti shavuni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Bakuye," akasema. "Batanikuta na kasirani, lakini batanikuta."