Buibui wa Dirisha la Mama

Hadithi hii alitusimulia kwanza dada mkubwa wa mpiga picha, mwaka ule nyumba ilipopakwa rangi upya, naye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Mdogo wake alikuwa akipiga picha za macho ya buibui kwa hadubini. Jicho moja lilitaka picha arobaini, kila moja akiteremsha lenzi unywele mmoja, kisha kompyuta iziunganishe. Hatua moja tu sebuleni ilitikisa hadubini na kuharibu kazi, basi nyumba nzima ilikaa kama mahabusu.

"Mnatembea kama ng'ombe," aliwaambia kila siku.

Alipomtia kwenye spiriti buibui wa dirisha la marehemu mama yao, dada alimsihi kwa sauti ya chini.

"Mdogo wangu, yule tumemkuta. Mama alisema asiguswe, ana mwenyewe."

"Mwenyewe aje na risiti."

Mchana ule, picha ya kwanza ilionyesha ndani ya jicho chumba kidogo kilichopinda: taa, kichwa chake kilichoinama, na mlangoni mtu mrefu. Picha ya kumi, mtu yule yuko kando ya kabati.

"Vumbi," akasema, akafuta lenzi.

Ya ishirini, yuko begani kwake.

Dada alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli asije akalaumiwa, aliposikia nyayo chumbani, hatua moja kila kamera ilipolia, na harufu ya spiriti ikapenya chini ya mlango, nyuma yake harufu ya nywele zinazoungua, na nyayo zikaendelea, zikaendelea, ingawa chumba chenyewe mtu mzima hukimaliza kwa hatua nne.

Kisha sauti ngeni ikasema, "Macho mawili tu? Na hayo ndiyo unayoringia? Tulia. Usipumue."

"Ndiyo, bwana," akajibu mdogo wake.

Dada akausukuma mlango. Mdogo wake alikuwa peke yake, ameketi wima, amempa mgongo. Kioo cha hadubini alipowekwa buibui kilikuwa kitupu.

"Usisimame nyuma yangu, dada," akanong'ona bila kugeuka. "Nakuona."

Mganga aliyeitwa alimzunguka mara moja, akakataa kiti.

"Huyu hajaingiwa na pepo," alisema. "Amerekebishwa."

Dada amefariki, na mganga pia. Mpiga picha yu hai, tunaishi naye. Mwaka jana tulimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari aliinua nywele za kisogoni, akahesabu, akahesabu tena, kisha akazima taa yake na kutuomba tuondoke.