Sauti ya Dorothea

Duka la Jiten lilikuwa limefurika watu Jumamosi ile. Emiliana alipenya kwa bega, gauni lake la kitenge cha rangi ya ndizi mbivu likivutwa huku na huku. Alifundisha fizikia katika sekondari moja ya Miyuji, na alichotaka ni waya mwembamba wa shaba. Alipolifikia bunda la mwisho, mkono mwingine ulikuwa umeshalishika.

"Dada, hili nimeshalilipia moyoni," alisema mwanamume mrefu mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Moyoni hawatoi risiti, kaka."

Jiten, mwenye duka, akacheka. "Gawaneni bwana, waya unakatika!"

Mwanamume yule aliitwa Seth, mwalimu wa sayansi katika shule moja nje kidogo ya Gulwe. Kumbe wote wawili walitaka wanafunzi wao watengeneze redio ndogo zinazonasa matangazo bila betri. Waligawana waya, wakanywa chai, na kabla ya kuagana walikuwa wameshapanga urafiki wa shule zao. Wanafunzi wangelinganisha kwa simu vituo walivyonasa, kisha wa Miyuji wangesafiri hadi Gulwe kwa siku ya sayansi.

Wanafunzi walipigiana simu mara moja kwa wiki. Walimu wao walipigiana kila siku.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mlenda. Wewe je?"

"Mimi nalitafuna jina lako tu, Emiliana."

"Utakufa njaa, baba. Jina refu lakini halina nyama!"

Walicheka. Ila kila Emiliana alipomuuliza kama aliwahi kupenda kabla yake, Seth aligeuza maneno, akaanza kusimulia upepo wa Gulwe.

Alasiri moja, jua likiwaka juu ya bati la maabara, Anyesi, mwanafunzi wa Emiliana, alimpa hedifoni ya redio yake.

"Mwalimu, humu kuna mtu."

Emiliana akasikiliza. Hapakuwa na muziki wala taarifa ya habari. Alisikia kama mchanga unaomwagika, kisha sauti nzito ya mwanamke, karibu mno, kana kwamba midomo imegusa sikio lake.

"Seth, mume wangu. Mbona huji kunipokea?"

Alitoka nje akapiga simu. "Seth, nani huyo anayekuita mume wake redioni?"

"Sauti yake ikoje?" Seth akauliza.

"Nzito. Kama ya mtu mwenye mafua."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Kwa Emiliana, hilo lilikuwa jibu tosha: Seth ana mke. Kesho yake Seth alipiga, akapiga tena, yeye akaiacha simu iite mpaka ikachoka. Alilia bafuni, maji ya bomba yakimfichia kilio. Lakini safari ya Gulwe hakuweza kuwanyima watoto.

Siku ya safari mbingu ilikuwa safi, bila wingu. Kosta iliyoendeshwa na Yahaya ilifika kwenye korongo pana, kavu, lenye mchanga mweupe. Ng'ambo, Seth alikuwa akiwasubiri na wanafunzi wake, amevaa shati la bluu lililopigwa pasi vizuri. Emiliana akageuza uso.

Anyesi alikuwa ameipakata redio yake, nyaya zimening'inia magotini, hazijaunganishwa na kitu chochote. Safari hii haikuhitaji hedifoni. Gari zima lilisikia.

"Mbukwenyi, wanangu," sauti ile nzito iliwasalimu kwa Kigogo. "Msivuke."

Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshagusa mchanga.

"Yahaya, rudi nyuma!" Emiliana akapiga kelele.

"Mwalimu, mbona pakavu?"

"Nakuomba kwa jina la Mungu, rudi!"

Yahaya akarudi nyuma. Ndipo ukaja mngurumo, na nyuma yake maji ya rangi ya kahawia, yamebeba mti mzima na mizizi yake. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani. Pale walipokuwa wapite, mchanga haukuonekana tena.

Simu ya Emiliana ikaita. Ng'ambo, Seth alikuwa amepiga magoti.

"Emi, mko wazima?"

"Wazima wote. Seth, yule ni nani?"

"Dorothea. Alikuwa mwalimu hapa, na tulikuwa tuoane. Korongo hili lilimchukua hapo hapo ulipo, akivuka kuja kwangu. Hatukumpata." Sauti yake ikapasuka. "Uliponiambia sauti ni nzito, nilijua ni yeye, nikaogopa. Nilidhani anakuita na wewe umfuate."

"Nami nilidhani una mke."

"Nilipaswa kukuambia mapema, mpenzi."

"Ungeniambia, Seth."

Jioni maji yalipopungua, Seth alivuka kwa miguu, akasimama mbele yake shati likichuruzika.

"Nataka kukuoa, Emiliana. Sitakuficha tena kitu."

Emiliana alilitazama korongo kwanza. "Dada Dorothea," alisema taratibu, "watoto wote wapo. Asante." Kisha akamgeukia Seth. "Nimekubali. Ila huyu usimfute. Nyumbani kwetu atatajwa."

"Atatajwa."

Seth akamshika mkono wa kulia, wake mwenyewe ukiwa baridi kwa maji. Wakapanda ukingo pamoja kuwafuata wanafunzi. Mkono wa kushoto wa Emiliana, ambao haukushikwa na mtu, nao ukalowa, ukabanwa polepole, kisha ukaachiwa.

Hakugeuka kutazama.