Kivuli Upande wa Taa

Taa ilikuwa kushoto kwa msichana, na kivuli nacho kilikuwa kushoto. Fundi aliitazama picha mara ya pili, akacheka peke yake. Kivuli hukimbia taa, hakikai nayo.

Mtaani walimwita Mama Ngozi, ingawa hakuwa na mtoto. Alisafisha picha za watu kwenye kompyuta, katika chumba alicholala na mdogo wake, pazia likiwa limeshushwa mchana kutwa ili mwanga wa nje usimdanganye. Hakufuta ngozi kama wafanyavyo wenye haraka, wanaowaacha watu wakifanana na sahani. Yeye alipitisha kalamu ya kuchorea juu ya kibao chake cha kompyuta, akakipa mwanga kidogo kila kilichofifia na giza kidogo kila kilichometameta, kitundu kwa kitundu cha ngozi, mpaka uso ukatulia na bado ukabaki uso. Wateja walimtania kwamba ngozi zao halisi ziko kwake, wao wanatembea na nakala.

Picha hii ilikuwa ya mdogo wake, aliyekuwa akijiandaa kuolewa. Walilelewa na mama peke yake, naye mama alikuwa amesafiri kumuuguza ndugu yake.

Kivuli chenyewe kilikuwa chini ya taya, kidogo, kama alama ya kidole. Akakipa mwanga. Ili pale pasibaki bapa, akatia giza pembeni, kama kazi inavyotaka. Alipoinua kalamu, mkwaruzo wake juu ya kibao uliendelea kidogo, kisha ukanyamaza. Alidhani ni panya.

Kesho yake kivuli kilikuwa shavuni. Akakiangaza, akakizungushia giza. Kikahamia chini ya jicho, halafu kwenye paji la uso, na kila alikokifuata aliacha kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Alifungua dirisha, harufu ikazidi.

Mdogo wake ndiye aliyegundua. Alikuja adhuhuri amejifunika mtandio usoni, akakaa kitandani, mgongo ameupa mlango.

"Dada, nikiigusa pua yangu ipo," alinong'ona. "Nikijitazama kwenye kioo, siioni."

"Mwanga wa humu ni mbaya."

"Nilikuwa nje."

Akauondoa mtandio. Macho yalikuwepo, mdomo ulikuwepo, lakini kati yake palikuwa na rangi moja tu kutoka sikio hadi sikio, kama ukuta uliopakwa jana. Kovu la kwenye nyusi lilikuwa limekwenda, na vipele vya kidevu alivyovilalamikia kila siku, na doa la kuzaliwa. Fundi akaigeukia kompyuta, na humo, katika picha aliyodhani anaijua, akaona giza lote alilolipaka pembeni mwa kile kivuli limeungana, limekuwa uso wa pili ndani ya uso wa mdogo wake, wenye mashavu membamba na paji refu, ukimtazama kwa utulivu wa mteja anayengoja kazi yake iishe.

Alimwita mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mpole asiyependa makelele. Mganga alinusa hewa mlangoni, akakataa kiti. Hakumlaumu mtu.

"Jini huyu hana uso," alisema. "Alikuja na doa moja la giza. Wewe ndiye uliyemchonga, mwanangu. Mrudishie mdogo wako kila ulichomtoa, kila kitu mahali pake, naye atakosa pa kushika."

Fundi akaitafuta picha ya awali kwenye kompyuta, akaikosa. Alikuwa amefanya kazi juu ya picha yenyewe, hakutunza nakala, na mpiga picha alikuwa ameshafuta zake. Wala si hiyo tu. Kila picha ya mdogo wake iliyokuwemo nyumbani, tangu za shule, ilikuwa imepita mkononi mwake. Alizisafisha kwa mapenzi. Ndiyo zawadi aliyokuwa nayo. Sasa hapakuwa na picha hata moja duniani iliyomwonyesha mtoto yule alivyokuwa.

Akampigia mama simu.

"Mama, lile kovu la mdogo wangu liko nyusi ya upande gani?"

Mama akacheka. "Si mnalala chumba kimoja? Mtazame."

Fundi akarudia swali lilelile. Upande wa pili kicheko kikakatika. Mama akauliza mtoto ana nini, akauliza tena kwa sauti ndogo, kisha akasema anakuja, akakata.

Akaanza. Alimuuliza mdogo wake, naye hakuwa na hakika, maana alijijua kwa vioo vinavyogeuza na kwa picha ambazo dada yake alishazisafisha, kwa hiyo wakabahatisha kovu upande wa kulia, wakabahatisha doa, wakalisogeza, wakalirudisha, na kalamu ikawa inakwaruza mbele ya mkono badala ya chini yake, kana kwamba kuna anayejua njia kuliko yeye, na mdogo wake akawa anamshika bega akimsihi, fanya haraka, dada, sisikii mdomo wangu, na harufu ya nywele ikaziba koo, na fundi akaweka vipele kimoja kimoja huku akilia, akiapa kwamba anavikumbuka, asijue kama anavikumbuka au anavitunga, mpaka mkwaruzo ukakoma ghafla na hewa ikawa hewa tu.

Mganga, aliyebaki mlangoni muda wote, alimshika msichana taya, akamgeuza huku na huku, akasema jini ametoka. Akaaga.

Pua ilikuwepo. Kovu lilikuwepo. Msichana alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akasema, "Ni mimi," wakakumbatiana, wakacheka kwa uchovu kama watu waliovuka mto.

Mama aliingia na mfuko wake begani. Alisimama mlangoni, akawatazama wote wawili, akautengeneza mtandio wake kichwani.

"Karibu, mwanangu," alimwambia yule aliyekaa kitandani, kwa adabu. "Samahani, sikujua tuna mgeni." Kisha akamgeukia fundi, sauti ikitetemeka. "Mdogo wako yuko wapi?"

"Nimeshakaribia, mama," akajibu yule wa kitandani, kwa utulivu wa mteja ambaye kazi yake imekwisha, akajisogeza kumpa nafasi akae.